Nani Ameshika Rimoti?

Somo la wiki kwa washirika wote na vikundi vya ushirika wa nyumbani

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Matendo ya Mitume 17:16-34, Mithali 25:16, Waefeso 5:15-17



Simama tu hapo nje baada ya ibada ya pili, karibu na tangi la maji, na usikilize watu wakiongea. Utasikia bei ya unga, utasikia mpira, halafu utasikia vipindi vya TV. "Uliona ya jana?" "Wee, usiniambie, mimi bado sijafika hapo!" "Ile yangu imeisha, sasa niangalie gani?" Hayo ni maongezi ya vijana, ya akina mama, na hata ya wazee wenye mvi. Wakimwona mchungaji anakuja, wanabadilisha maneno, "Eeh, tunamshukuru Mungu."

Mimi sioni kwa nini wabadilishe. Kupenda hadithi si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa hadithi, na watu walisahau hata chakula wakimsikiliza. Shida ni kwamba tukifika kwa TV, sisi walimu wa Neno tuna mafundisho mawili tu. La kwanza: zima kabisa, ni mlango wa adui. La pili: tunanyamaza, kwa sababu sisi pia tunaangalia. Hakuna hata moja linalomsaidia mtu aliyekaa kwa kochi saa tatu usiku na rimoti mkononi.

Kwa hivyo leo sitakuuliza kama unaangalia. Najua unaangalia. Nitakuuliza swali moja, na ndilo somo lote: kipindi kikianza, ni nani anayeamua kitaisha saa ngapi?

1. WAATHENE NA HAMU YA KIPYA

Fungua Matendo 17. Paulo amefika Athene, anawangoja Sila na Timotheo. Anatembea mjini, anaona sanamu kila mahali, roho yake inachomeka. Anaongea na watu katika sinagogi, na sokoni kila siku. Wenye elimu wa mji wanamchukua hadi Areopago, wanataka kusikia hayo mafundisho yake.

Sasa angalia mstari wa 21. Luka anatuambia tabia ya watu wa Athene, wenyeji na wageni waliokaa humo: muda wao waliutumia kwa jambo moja, kusimulia au kusikiliza kitu kipya. Hasemi walikuwa walevi. Hasemi walikuwa wezi. Anasema walikuwa na kiu ya kipya, na kiu hiyo ikala wakati wao.

Halafu ruka hadi mstari wa 32. Paulo amehubiri Yesu na ufufuo. Wengine wanacheka. Wengine wanasema watamsikiliza tena siku nyingine juu ya habari hiyo. Nimeusoma mstari huo mara nyingi, na nadhani hapo ndipo kuna hatari kubwa. Wameambiwa Mungu anaamuru watu wote watubu, wao wanaipokea kama sehemu ya kwanza ya kipindi. "Ilikuwa poa. Tutaona inayofuata." Na mstari wa 33 unasema Paulo akatoka kati yao.

Umeona? Mtu aliyezoea kuonja kila kipya hafiki mahali pa kuamua. Hata injili kwake ni kipindi. Leo anamsikiliza mhubiri huyu kwa simu, kesho yule, kesho kutwa amepata mwingine mwenye sauti nzuri zaidi, na hakuna neno hata moja alilolifanyia kazi. Si TV imemharibu. Ni ile hamu ya kipya, na hamu hiyo ina uwezo wa kukaa hata ndani ya kanisa.

Lakini tusimwonee mtu. Mstari wa 28 unaonyesha Paulo mwenyewe alijua maneno ya washairi wa Wagiriki, na aliyatumia kuwaonyesha njia. Danieli naye, sura ya 1, alisomeshwa elimu na lugha ya Wakaldayo. Alizijua hadithi zao. Ila ukifika sura ya 6 unapata mtu huyu huyu anapiga magoti mara tatu kwa siku, na hata amri ya mfalme haikubadilisha saa zake. Danieli aliijua Babeli, lakini Babeli haikumpangia ratiba.

2. ZAMANI KIPINDI KILIKUWA NA MWISHO

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Kwa miaka mingi tulikuwa na kituo kimoja, Sauti ya Kenya, ambacho mwaka 1989 kilirudia jina la KBC. KTN ilianza 1990. Wale wa rika langu mnakumbuka. Ukikosa Vitimbi au Vioja Mahakamani, umekosa. Unangoja wiki ijayo, ama unasimuliwa na jirani. Na TV yenyewe ilikuwa kwa nyumba moja mtaani, watoto tumejaa sakafuni, tunaambiwa tuoshe miguu kwanza. Usiku kituo kinafunga, wimbo wa taifa unapigwa, basi. Hata asiyetaka kulala analala.

Hatukuwa watakatifu kuliko vijana wa leo. Ni vile tu kulikuwa na mtu mwingine wa kufunga mlango.

Mwaka 2015 tukaacha mitambo ya analogi, vituo vikaongezeka. Januari 2016 Netflix ikafunguliwa Kenya na katika nchi nyingine zaidi ya 100 kwa siku moja. Sasa msimu mzima uko mkononi mwako, kwa simu, kitandani, chini ya blanketi. Sehemu moja ikiisha, inayofuata inaanza yenyewe baada ya sekunde chache. Hukubonyeza kitu. Umeamuliwa.

Wala hawafichi nia yao. Mwaka 2017 Reed Hastings, aliyekuwa mkuu wa Netflix wakati huo, alisema wazi kwamba wanashindana na usingizi. Mpendwa, mtu akikwambia mchana kweupe kwamba anataka usingizi wako, mwamini.

Tupige hesabu kidogo. Sehemu moja ya dakika 45. Unaanza saa tatu usiku, baada ya watoto kulala. Sehemu tatu zinakufikisha saa tano na robo. Mbili zaidi, kwa sababu yule binti karibu ajue baba yake ni nani, na sasa ni saa sita na dakika 45. Matatu yako ni ya saa kumi na moja alfajiri. Maombi ya asubuhi yameenda wapi? Hakuna mtu aliyekukataza kuomba. Yamesukumwa tu na kitu kilichoanza chenyewe.

Jumapili ni hivyo hivyo. Matendo 20 inatuambia juu ya kijana Eutiko aliyelala wakati Paulo anahubiri, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Lakini Eutiko ana wakili: Paulo alikuwa ameendelea hadi usiku wa manane! Hawa wetu wanalala saa nne asubuhi, kwaya ikiimba.

3. ASALI NI NZURI, LAKINI

Mithali 25:16 inazungumza juu ya mtu aliyepata asali. Haimwambii aimwage. Inamwambia ale ya kumtosha, asije akashiba kupita kiasi na kuitapika. Asali ni ile ile. Kinachogeuza utamu kuwa kichefuchefu ni kipimo.

Ndiyo maana siwezi kukupa orodha ya vipindi vya kuangalia na vya kuacha, halafu nikuache hapo. Kuna vipindi vya kuacha, nitavigusa. Lakini mtu anaweza kuangalia kipindi kisafi kabisa, cha mapishi, na kikamla. Na tusijidanganye na neno "kupumzika". Mtu akipumzika huamka na nguvu. Kama unaamka umechoka kuliko ulivyolala, hapo haukupumzika.

Jipime kwa mambo matatu. Je, nikiambiwa leo hakuna, nakasirika na watu wa nyumbani? Je, kuna mtu ananingoja wakati mimi nangoja sehemu inayofuata? Je, naficha ninachoangalia, ama muda ninaotumia? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, usikimbilie kuhukumiwa. Kimbilia kupanga.

4. KIPINDI KILICHOKUJA WAKATI SISI HATUKUJA

Wacha niwape kisa kimoja, bila majina. Nilitumwa kumtembelea mama mmoja mjane, baada ya watu kulalamika kwamba ameacha ushirika wa jioni kwa sababu ya tamthilia. Mumewe alikuwa amezikwa miezi saba kabla. Nikamkuta, TV iko juu, uji uko mezani. Alinikaribisha vizuri, akapunguza sauti, lakini hakuzima.

Nikamuuliza kwa upole juu ya ushirika. Akaniangalia, akasema: "Mwalimu, wakati wa matanga nyumba hii ilijaa. Tukizika, kila mtu alienda kwake. Tangu hapo hakuna mtu amebisha huo mlango jioni. Lakini hawa watu wa TV, ikifika saa moja na nusu wanakuja. Hawajaniangusha hata siku moja."

Maandiko niliyokuwa nimepanga kumsomea nikayaacha ndani ya Biblia.

Kwa sababu mama huyu hakuwa Mwathene. Hakuwa na kiu ya kipya. Alikuwa na kiu ya mtu anayerudi. Kipindi kilikuwa kinaweka ahadi yake kila jioni, na ushirika wa mtaa wake haukuwa unaweka. Yakobo 1:27 inataja wajane kwa jina inapoeleza dini iliyo safi. Hakuna mahali inaposema tuwanyang'anye rimoti.

Nilirudi kwa viongozi wa ushirika huo, nikawaeleza. Dada wawili walijitolea, mmoja Jumanne, mmoja Alhamisi. Na wakafanya jambo la hekima: hawakuenda na mahubiri. Walienda na mandazi, wakakaa, wakaangalia naye nusu saa ile yote, wakauliza huyu ni nani na mbona analia. Ikiisha, wanazima, wanaongea, wanaomba. Sitakudanganya ati ameacha tamthilia. Hajaacha. Lakini siku hizi akikosa sehemu ya Jumanne kwa sababu wageni wamechelewa kufika, anawangoja wao.

Kwa hivyo kabla hujamhukumu mtu juu ya kipindi chake, jiulize: kipindi hicho kinajaza nafasi ya nani? Inawezekana ni nafasi yako.

5. TUFANYE NINI? MAMBO SITA YA KUSHIKA

Waefeso 5 inatuita tuenende kama wenye hekima, tukiukomboa wakati. Kitu unakikomboa kikiwa kimeshikwa. Hivi ndivyo unavyoanza:

Kwanza, amua mwisho kabla ya kuanza. Sema kwa mdomo, mbele ya mtu: "Leo ni moja" au "leo ni mbili." Halafu zima ile ya kujiendesha. Netflix ina mahali pa kuizima katika mipangilio ya akaunti yako, na YouTube ina swichi yake kwenye video. Mwombe kijana wa nyumba akuonyeshe, ni kazi ya dakika mbili. Baada ya hapo, kila sehemu inayofuata lazima uiite wewe.

Pili, usifuate vipindi vitano. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Chagua kimoja au viwili, vipe siku zake, na ukikosa usilie; vituo vingi hurudia vipindi vyao. Kipindi cha nusu saa, siku tano kwa wiki, ni saa mbili na nusu kwa wiki, na saa 130 kwa mwaka. Injili yote ya Marko, sura zote 16, inasomeka kwa sauti kwa kama saa moja na nusu. Sikwambii uchague moja uache nyingine. Nakwambia usiseme huna wakati.

Tatu, ukitafuta kipindi kipya, uliza mtu unayejua matunda yake. Usiulize mtandao peke yake, kwa sababu mtandao unakuletea kinachofanana na ulichoangalia jana. Ukianza vibaya, unapelekwa vibaya zaidi. Soma muhtasari kwanza. Angalia alama ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu: GE ni ya watu wote, PG mzazi awe karibu, 16 na 18 ni umri unaoruhusiwa kuanza kuangalia. Kisha jaribu sehemu mbili tu. Wafilipi 4:8 iwe kipimo chako: hii inanifanya nimpende jirani, ama inanifundisha kumdharau mume wangu, kucheka uzinzi, kufurahia damu? Ikishindwa, iache hata kama mtaa mzima unaiongelea. Hakuna sheria inayosema lazima umalize msimu ulioanza.

Nne, angalia na Biblia yako ikiwa karibu. Mfano ni Country Queen, tamthilia ya Kikenya iliyotoka Netflix mwaka 2022. Inahusu mwanamke anayerudi kijijini kwao na kukuta kampuni ya madini inataka ardhi yao. Si ya watoto. Lakini mtu mzima anayeijua 1 Wafalme 21, shamba la mizabibu la Nabothi, atakuwa na la kuongea na wenzake baada ya kuzima. Hadithi nzuri ikufungue mdomo. Ile inayokufunga mdomo nyumba nzima, kila mmoja na simu yake na vipokea sauti masikioni, hiyo ichunguze.

Tano, usiangalie cha wizi. Hapa najua naingia mahali pagumu, maana wengi wetu tunapeleka flashi kwa kibanda, tunajaziwa misimu mitatu kwa pesa kidogo. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na kunakili kazi ya mtu na kuiuza bila ruhusa yake ni kosa. Wale waigizaji wetu tunaowapenda wanakula kwa jasho hilo. Waefeso 4:28 haikumtenga mwizi wa filamu. Kama pesa ya malipo ya mwezi haipo, vituo vya bure viko, na vingine vinaweka vipindi vyao wenyewe kwa YouTube. Kama hata hiyo ni bando nyingi, basi ngoja. Kungoja ni tunda la Roho pia; linaitwa uvumilivu.

Sita, walinde watoto kwa kukaa nao. Kanuni za utangazaji hapa kwetu zinataka saa za kuanzia kumi na moja alfajiri hadi nne usiku ziwe za vipindi vinavyofaa familia. Lakini simu haijui saa nne. Baba, mama, kukataza bila kuwepo hakufiki mbali. Jua jina la kipindi mtoto wako anachokipenda. Kaa naye ukiangalie hata kama hukielewi. Siku moja atakuuliza swali zito kwa sababu ya kitu alichokiona, na utataka uwe wewe aliyekaa karibu.

Na kwa wenye ndoa, neno dogo. Kama mlianza kipindi pamoja, msikimalize mbio mmoja mmoja kwa siri. Mnacheka, lakini nimeketi na wanandoa ambao ugomvi wao ulianzia hapo, na tulipochimba tukapata jambo lingine: ile nusu saa ya kipindi ndiyo ilikuwa saa ya mwisho waliyobaki nayo ya kukaa pamoja. Huyo dada hakulilia kipindi. Alimlilia mume.

6. MGENI NA JEMBE

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kipindi ni mgeni. Mkaribishe, mpe kiti, cheka naye. Lakini nyumba ni yako, na wewe mwenyewe ni mali ya Bwana. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 6:12 kwamba hata katika vitu vilivyo halali, hatakubali kutawaliwa na kitu chochote. Mgeni akianza kukupangia saa ya kulala, saa ya kuomba, na nani aongee na nani sebuleni, huyo si mgeni tena. Simama, mshukuru, umfungulie mlango.

Athene wengi walisema watasikia siku nyingine. Lakini mstari wa 34 unasema wachache waliambatana na Paulo wakaamini, Dionisio mmoja wao, na mwanamke aitwaye Damari. Walisikia habari ile ile, siku ile ile. Tofauti ni kwamba wao hawakungoja sehemu inayofuata.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA USHIRIKA

1. Soma Matendo 17:21 na 17:32. Utajuaje kama unasikiliza Neno kama Mwathene?

2. Wiki hii, andika saa ulizotumia kwa vipindi na saa ulizotumia kuongea na watu wa nyumbani kwako. Leta karatasi yako. Hakuna atakayekucheka.

3. Ni nani katika mtaa wetu ambaye TV ndiyo inamtembelea peke yake? Taja siku mtakayoenda, na ni nani ataenda.

4. Kipindi gani kiliwahi kukufanya uongee jambo la maana na mtoto wako au mwenzako?

OMBI

Baba, asante kwa macho, na kwa hadithi zinazotuchekesha na kutuliza machozi. Tusamehe pale ambapo vimechukua kiti chako. Tupe nguvu ya kuzima, na tukishazima, tupe mtu wa kuongea naye. Watazame wote walio peke yao jioni hii, na ututume kwao. Kwa jina la Yesu. Amina.